Mtaro wa Futi Kumi na Sita

Mhandisi Pelagia Cherotich aliuchora mtaro ule mwezi wa Januari, akiwa ofisini kwake Irving. Ulikuwa wa bomba la majitaka, kupitia malisho ya zamani magharibi mwa Fort Worth, ambako kaunti ilikuwa imeruhusu nyumba mia tisa zijengwe. Makamishna wa kaunti hawakutaka kulipia kituo cha pampu. Basi akayaacha majitaka yateremke yenyewe, na palipokuwa na kilima akalishusha bomba chini zaidi. Sehemu nne mtaro ulifika futi kumi na sita. Kwenye karatasi ilikuwa namba tu.

Mwezi wa Mei alikwenda kuukagua. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, kisha jua likawaka. Alitembea kando ya mtaro mpaka akauona ufa mbele ya kiatu chake, umenyooka sambamba na ukingo. Alichutama akatumbukiza kalamu. Ikazama yote.

Chini kabisa wanaume wawili walikuwa wakiunganisha bomba huku wakiongea Kiswahili cha Kongo. Kizimba cha chuma cha kuzuia kuta kilikuwa kimeachwa nyuma, hatua ishirini. Msimamizi hakuonekana.

Pelagia alirudi nyuma kwa magoti. Aliogopa uzito wake mwenyewe.

"Ndugu zangu," aliita. "Tokeni humo. Sasa hivi."

Aliyekuwa karibu na ngazi, Émile, aliinua uso. "Mama, inabakia bomba moja tu. Shefu wa kazi alisema tumalize."

"Mimi ndiye niliyeuchora mtaro huu. Nawaomba mtoke."

Émile alimtazama kidogo, akaanza kupanda. Mwenzake, Majaliwa, aligeuka kuchukua vifaa vyake.

"Majaliwa, acha hivyo vitu," Émile alisema.

Aliviacha. Alikuwa kwenye kidato cha tatu cha ngazi ukuta uliposhuka. Haukuwa na kishindo kikubwa. Ulijimwaga tu, ukambana hadi mapajani. Pelagia alilala kifudifudi juu ya udongo uliokuwa bado unatetemeka, akamshika mkono mmoja, Émile mwingine. Hakuthubutu kuvuta. Kila bonge la udongo lililoanguka lilimfanya afumbe macho. Zimamoto walichukua karibu saa mbili kumtoa, mguu umevunjika mahali pawili.

Kesho yake bosi wake alimwita. "Kizimba ni kosa la mkandarasi. Mchoro wako hauna tatizo. Usiseme lolote."

Nyumbani Arlington, mumewe Nyaga alimwambia vilevile, kwa upole. "Wanaweza kukunyang'anya leseni, mama watoto."

Pelagia alijua. Kwa wiki tatu hakuweza kushuka ngazi bila kushikilia ukuta. Lakini kwenye mchoro uleule zilibaki sehemu tatu za kina kama kile, hazijachimbwa bado, na watu wangeingia humo.

Mwezi wa Juni alisimama mbele ya makamishna watano. Aliwaambia kizimba kiliachwa na wachimbaji, ila kina kilikuwa chake yeye, na alikichagua kwa kuwa wao walikataa pampu. Sasa anaomba pampu, ili sehemu tatu zilizobaki zisichimbwe kina kile.

"Na tukikataa?" mmoja aliuliza.

"Sitatia sahihi yangu kwenye sehemu zilizobaki."

Walipiga kura: watatu kwa wawili, pampu ikakubaliwa. Kufikia Agosti ofisi ilimwondoa kwenye mradi ule bila maelezo, ikampa mabomba ya maji safi, yasiyozidi futi nne kwenda chini. Leseni yake haikuguswa, ingawa kila barua iliyofika aliifungua kwa hofu.

Jumapili moja alikwenda Haltom City kumjulia hali Majaliwa. Alimkuta sebuleni, mguu juu ya kiti, mkewe Généreuse akimenya ndizi jikoni.

"Mama, hiyo pampu," Majaliwa alisema, "itahitaji mtu wa kuichunga? Mtu wa kukaa huku juu?"

Pelagia alisema ataulizia.