Nyuzi Kwenye Makabati ya Simu

Lango la kituo cha simu lilipakwa rangi mara tatu, na Mzee Nyuzi alikuwepo mara zote tatu. Rangi ya kwanza ilikuwa ya kijivu, enzi zile barua na simu zilipokaa nyumba moja chini ya serikali, na mtu aliomba simu mtoto akiwa tumboni akaipata mtoto ameota ndevu. Ya pili ilikuwa ya kahawia, siku simu ilipoachana na barua ikawa shirika linalojitegemea. Ya tatu ilikuja na mwekezaji, nayo ilikuwa nyeupe pe. Bila shaka aliichagua mtu asiyefua nguo zake mwenyewe.

Mzee Nyuzi alikuwa fundi wa nyaya. Miaka ishirini na sita alizunguka mtaa kwa mtaa na mkoba wa ngozi, koleo, na simu ya kupimia inayoning'inia kiunoni. Kazi yake ilikuwa kwenye yale makabati ya chuma kando ya barabara, ambayo watu huyaegemea wakisubiriana na mbuzi hujikunia mgongo. Ndani ya kila kabati mna waya mia kadhaa, zimekaa mbili mbili, na mafundi huita kila mbili pea. Pea moja, nyumba moja. Na kila pea ilikuwa na kadi yake kule ofisi ya kumbukumbu, ikisema inaenda kwa nani.

Tatizo ni kwamba waya huoza ardhini bila kuomba ruhusa. Pea ikifa, fundi huihamishia nyumba ile kwenye pea nyingine iliyo hai, kisha kadi inatakiwa ibadilishwe siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo sheria. Lakini kubadilisha kadi kulihitaji fomu, na fomu ilihitaji saini za wakubwa watatu, na katika hao watatu mmoja alikuwa likizo sikuzote. Sijui walipangiana zamu. Wakati huo mwenye simu anangoja, mama yake mgonjwa, nawe fundi umesimama juani unaijua dawa.

Basi mafundi wakajitungia njia yao. Walihamisha pea kwanza, kisha wakafunga kipande cha uzi pale ilipohamia. Uzi mwekundu ulikuwa wa zahanati. Bluu wa shule. Njano ulikuwa wa nyumba yenye mzee au mgonjwa, nyumba ambayo simu ikikatika asubuhi fundi hali chakula cha mchana kabla hajairudisha. Mafundo yalisema laini imetoka safu ya ngapi. Aliyeanzisha mtindo huo ni Mzee Nyuzi, na nyuzi zilitoka kwenye kikapu cha mkewe, fundi cherehani. Ndipo jina lake la kuzaliwa likasahaulika, likabaki Nyuzi, na uzee ulipobisha hodi likawa Mzee Nyuzi.

Kwa hiyo kadi zilisema uongo, nyuzi zikasema kweli, na simu zikalia. Alikwisha kuandika barua kumi na moja ofisi ya kumbukumbu, akiomba kadi zirekebishwe. Alijibiwa mara moja tu: "Barua yako imepokelewa."

Lango lilipokuwa bado linanuka rangi nyeupe, mafundi wote waliitwa uwanjani. Aliyesimama mbele yao alikuwa meneja mpya, mama wa makamo, mwepesi wa mwendo, kompyuta kwapani. Wiki haikuisha wakawa wamembandika jina la Mama Mfumo, kwa sababu hakuna swali alilojibu bila kuutaja mfumo.

"Kila fundi atajaza fomu za makabati ya eneo lake," alisema. "Mfumo unahitaji kumbukumbu sahihi. Mwenye kumbukumbu sahihi tutaendelea naye. Orodha ya wanaobaki itabandikwa hapa langoni mwisho wa mwezi."

Mzee Nyuzi aliipokea fomu akaisoma akiwa amesimama. Namba ya pea. Nyumba kwa mujibu wa kadi. Nyumba halisi. Hitilafu. Aliyesababisha hitilafu. Safu hiyo ya mwisho aliisoma mara mbili. Kila uzi alioufunga ulikuwa hitilafu, na aliyesababisha ni yeye. Na kazi hii, jamani, hakuwa na nyingine. Hakuwa na shamba la kurudia wala duka la kukalia. Ukimwondolea mkoba ule begani, hata yeye asingejua mkono aupeleke wapi.

Mwenzake wa eneo la jirani, fundi mrefu waliyemwita Ngazi, alimvuta pembeni.

"Kaka, usijitie kitanzi," alisema. "Nakili kadi kama zilivyo. Hawa watu wanataka karatasi safi, wape karatasi safi."

"Na nyuzi?"

"Nyuzi ziache kabatini, zinajua kazi yake. Kadi uongo, nyuzi kweli. Si ndivyo tulivyoishi miaka yote?"

"Tuliishi hivyo kwa sababu tulikuwepo sisi. Akija mwingine je?"

"Akija mwingine ataniuliza mimi. Ndiyo maana lazima nibaki!" Ngazi akacheka, akaenda zake. Alimaliza makabati yake yote kwa siku mbili, bila kufungua mlango wa hata moja.

Nyumbani, mkewe alikuwa anapinda suruali ya mteja. Alimsikiliza bila kuinua macho, mguu ukiendelea kukanyaga.

"Mama watoto, nikiandika ukweli nimejishtaki mwenyewe," alimwambia.

"Na usipoandika?"

"Nabaki kazini."

"Unabaki ukilinda uongo." Akasimamisha cherehani. "Mimi fundi nguo, mume wangu. Kipimo ukikidanganya, anayeumbuka ni mvaaji. Halafu nyuzi zile ni zangu. Miaka yote hiyo nimekupa, hujawahi kunirudishia hata kibiringo cha uzi. Angalau ziandikwe zilifanya kazi gani."

Mzee Nyuzi alinuna kutwa nzima. Kesho yake akachukua kigoda, akaenda kukaa mbele ya kabati la kwanza.

Ilimchukua wiki tatu. Jua lilimchoma kisogo, wapita njia wakamuuliza kama anauza kitu. Alipima pea moja moja, akapiga simu nyumba moja moja, akaandika. Mahali pa aliyesababisha hitilafu aliandika namba yake ya kazi. Akaandika tena. Mpaka anafunga kabati la mwisho alikuwa ameiandika mara mia mbili na kumi na tatu, na moyoni alikuwa na matumaini ya kipumbavu kwamba mtu mzima yeyote akizisoma karatasi hizi ataelewa.

Orodha ilibandikwa. Jina la Ngazi lilikuwa la juu kabisa, na mbele yake pameandikwa: Msimamizi. Mzee Nyuzi alilitafuta lake kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Kibarua kilikuwa kimeota nyasi.

Aliingia ofisini kwa Mama Mfumo bila kubisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake.

"Mama, nimekosa nini?"

Meneja aligeuza kompyuta ili naye aone. Hakuwa mkali, afadhali angekuwa mkali. "Mfumo unaonyesha makosa mia mbili na kumi na tatu, Mzee wangu. Yote yana namba yako. Mwenzako hana hata moja."

"Hayo si makosa. Ni laini nilizookoa. Nenda kapige hata moja, uone kama hailii."

"Zinalia, hilo nakubali. Eneo lako ndilo pekee lisilo na malalamiko mwezi huu." Akatelezesha kidole kwenye kioo. "Kwa hiyo mfumo unaonyesha halihitaji fundi wa kudumu."

Mzee Nyuzi aligeuka, akatoka. Hebu nami nielezwe, maana nimelifikiria jambo hili mpaka kichwa kimeniuma: ukifanya kazi vibaya unafukuzwa kwa ubaya, ukiifanya vizuri unafukuzwa kwa sababu imekwisha, na aliyekaa kivulini akinakili uongo anapewa cheo. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuandikii barua ya kukutakia maisha mema.

Miezi mitatu alikaa nyumbani. Hakujua kukaa. Alihamisha viti, alifungua redio nzima na kuifunga, alimkosoa mkewe namna ya kushona mfuko. Mwishowe mkewe akampa kazi ya kutunga uzi kwenye sindano, na kila mteja aliyeingia alimwambia, "Huyu ni msaidizi wangu mpya, mzoefu lakini mkorofi." Mzee Nyuzi hakucheka. Kila alfajiri mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye msumari wa ukutani, pale mkoba ulipokuwa unatundikwa.

Mwezi wa nne, Ngazi alifika. Ilibidi ainame mlangoni.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, Msimamizi," mkewe alijibu, na neno hilo akalitamka polepole, silabi kwa silabi. Ngazi akaketi kama mtu aliyekalia kaa la moto.

"Kaka, nimeharibu," alisema. "Wamekuja wakandarasi kusafisha makabati. Wameanza na langu, namba kumi na saba. Walishika karatasi zangu mkononi, na chochote kisichokuwa kwenye karatasi wamekikata. Simu mia moja na arobaini zimekufa. Hata ya zahanati. Jana mkunga ametoka mbio kuvuka barabara kwenda kuazima simu dukani, aite gari la wagonjwa, mzazi kalala pale hali mbaya."

"Mzazi yuko salama?" mkewe aliuliza.

"Salama, namshukuru Mungu. Lakini mimi silali. Nyumba zile sizikumbuki zote kwa kichwa, kaka, nilikuwa nategemea nyuzi. Wamesema ukizirudisha laini zile, jina lako linarudi kwenye orodha. Mama Mfumo mwenyewe kasema."

Mkewe alimtazama Ngazi. "Njia ya mwongo fupi, shemeji," alisema, lakini tayari alikuwa amesimama, anautoa mkoba kwenye kabati la nguo alikouficha ili mumewe asiuone kila siku. Mzee Nyuzi aliuvaa begani. Alikuwa na hasira na Ngazi, tena hasira ya haki, lakini kwa mara ya kwanza tangu aachishwe kazi alihisi bega limekaa sawa.

Langoni, mlinzi waliyekuwa wakichangia naye maji ya kunywa miaka yote alimpa beji iliyoandikwa MGENI na daftari la kusaini.

"Hapa andika unatokea wapi, Mzee."

"Hapahapa."

"Hapahapa haikubaliki," mlinzi alisema kwa aibu. "Andika nyumbani."

Akaandika nyumbani. Kisha wakaenda wote kwenye kabati namba kumi na saba, yeye, Ngazi na Mama Mfumo. Ngazi alifungua mlango. Ndani palikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Waya zilizobaki zilisimama kwa mistari, na hapakuwa na uzi hata mmoja.

"Nyuzi ziko wapi?" Mzee Nyuzi aliuliza.

Mama Mfumo alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la mtu aliyejiandaa. Akatoa kwenye begi lake mfuko wa plastiki, umefungwa vizuri na kubandikwa lebo yenye tarehe.

"Tulipoambiwa ni muhimu, tukawaagiza wakandarasi waziokote zote," alisema. "Hakuna hata mmoja uliopotea."

Aliupokea. Nyekundu, bluu, njano, na mafundo yake yote, zimechanganyika pamoja. Mzee Nyuzi alitamani kupiga kelele mpaka mtaa mzima usimame. Badala yake alizungumza kwa sauti ndogo.

"Mama, uzi huu ulikuwa unasema kwa sababu ya pale ulipofungwa. Ukiutoa, hausemi kitu."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Inawezekana. Nyumba kwa nyumba, pea kwa pea, kama nilivyofanya kwangu. Humu waya zimekatwa hovyo. Nipe miezi minne."

"Mkataba wa wakandarasi unanipa siku kumi."

"Kwa siku kumi naweza kukuandikia karatasi safi," alisema Mzee Nyuzi. "Kama ile uliyoandikiwa."

Ngazi akainamisha kichwa. Usoni pa Mama Mfumo pakapita kitu kama huruma, kisha akashusha macho kwenye kompyuta. "Basi mfumo utaandika kwamba umekataa kazi," alisema.

"Uache uandike. Lakini zahanati siiachi hivi."

Alipiga magoti mbele ya kabati. Saa tatu nzima alifuata laini ile moja, Ngazi akiwa upande wa pili zahanati akimgongea waya, mpaka simu ya mkunga ikalia. Mzee Nyuzi aliingiza mkono mfukoni, kwa mazoea, akatoa kipande cha uzi mwekundu.

"Samahani, Mzee," mkandarasi mmoja aliyekuja kuwasimamia alimwambia. "Hairuhusiwi kufunga kitu kabatini."

Akaurudisha mfukoni. Alirudisha beji langoni, na mfuko wa plastiki hakuna aliyemdai.

Nyumbani, mkewe aliupokea mfuko. Alizimwaga nyuzi mezani, akazipekua, akachagua kipande kirefu kuliko vyote na kukinyoosha kati ya vidole viwili.

"Hiki hakitoshi hata kifungo kimoja," alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Mzee Nyuzi alivuta kigoda, akaketi, akaanza kutenga nyekundu na nyekundu, bluu na bluu, ingawa hakuna aliyemtuma.