Saa Mkononi mwa Shangazi

Kwa nini moyo wa mtu aliyelima tangu asubuhi udunde kama wa mtu aliyekaa kibarazani? Niliisoma saa mara ya pili, na baba mdogo alikuwa anacheka.

Nilikuwa nimetoka nyumbani Masuguru, Korogwe, kwenda kwa shangazi yangu kijijini Kwaluguru, nikiwa na shahada mpya na saa inayosoma mapigo ya moyo, kisha inakadiria kalori ulizochoma. Baba mdogo, ndugu yake shangazi, alikuwa amesema kwamba wanawake shambani wananyoosha viungo tu. Mimi sikubali wala sikatai jambo bila ushahidi, hata likiwa la kipuuzi. Nikamfunga shangazi ile saa, nikaingiza umri na uzito wake, akalima. Jua lilipokuwa kali nikasoma: kalori za mtu aliyekaa kivulini.

"Si nilikwambia, msomi?" baba mdogo alisema. "Mashine yako mwenyewe imenitolea ushahidi."

"Labda imekufa," shangazi alisema, akiifuta jasho.

Hapo ndipo yowe lilipopigwa. Ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi yake ya bondeni. Kwetu yowe likilia hakuna anayeuliza. Unashika kilicho karibu, unakimbia. Baba mdogo alishika mpini wa jembe. Tulipofika, mabua yalikuwa yamelala chini na wanaume wa kijiji walikuwa wamemkamata mchungaji mmoja, kijana ambaye hata ndevu hajaota.

Fimbo ya kwanza ilimpata mdomoni. Nilisikia meno. Wakamwangusha, wakamkanyaga mikono asijikinge. Mmoja akampiga jiwe gotini. Mwingine akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, nani ana petroli, na mtu akatumwa.

"Mwaka jana tulilala njaa! Kwa sababu yenu!" baba mdogo alifoka, akimpiga mbavuni kwa kila neno.

Nikapaza sauti kwamba hatujui hata kama ng'ombe ni wake. Kofi likanipata, sijui la nani, nikajikuta chini.

"Yeyo," kijana aliita. Ni mama, kwa Kimaasai. Damu ilimtoka puani pamoja na mapovu. "Yeyo."

Shangazi akawasukuma, akasimama juu yake, mguu huku na mguu huku.

"Anayemuua aanze na mimi."

"Dada, toka."

"Sitoki. Mahindi ni yangu. Nani kakuomba unililie?"

"Nitakupiga!"

"Piga. Tumetoka tumbo moja, piga uone."

Mpini ukashuka. Ulimpata begani, na mfupa ulilia kama bua kavu. Akayumba, hakutoka. Baba mdogo akautazama ule mpini kama ameuokota tu njiani. Hakuna aliyeinua mkono tena. Petroli ilipofika, shangazi akaamuru itiwe kwenye pikipiki, kijana akapakiwa kupelekwa hospitali. Alipona, ila jicho moja halioni.

Nilipomfunga shangazi bega kwa kitenge nikaitazama saa, bado ikiwa mkononi mwake. Moyo wangu ulikuwa unagonga hadi kooni. Wake ulikuwa unatembea polepole, vilevile kama alipokuwa analima. Kwa miaka nilisimulia habari za shangazi yangu asiyejua woga. Mimi, ninayetilia shaka kila kitu, hilo niliamini.

Majuzi nilimsindikiza kliniki Korogwe. Daktari akanieleza vidonge vya presha anavyomeza: vinayazuia mapigo ya moyo kupanda, anayevimeza awe analima, anakimbia au anatetemeka, kwa hiyo kifaa kinachokadiria kalori kwa mapigo kitamwona amepumzika. Alikuwa akivimeza tangu kabla ya msimu ule, kwa siri, asije akazuiwa kulima.

Tulipotoka nje nikamuuliza kama siku ile aliogopa.

"Kuogopa?" alisema. "Nilijikojolea, mwanangu. Khanga mbili ndizo zilizonificha."