Leo Duka Lilikuwa Hapa

Duka la vitenge la mama yangu, Kariakoo, lina sheria moja: lisikae tupu. Wateja wakipungua, simu yangu inalia. "Njoo usimame."

Kusimama ni kazi. Nashika kitenge, nabishania bei nisiyolipa, napaza sauti kidogo. Mpita njia anasimama aone kuna nini. Wa pili anasimama kwa sababu ya huyo wa kwanza. Baada ya robo saa hapapitiki, na anayekanyagwa miguu ni mimi.

Simu hizo zilinikera mno. Nilikuwa naandika tasnifu kuhusu mashimo meusi makubwa yaliyo katikati ya galaksi. Gesi inayolizunguka shimo huwaka kwa joto, na nyingine husukumwa nje kama upepo mkali. Ajabu, ndani ya upepo huo wa moto mna mawingu ya gesi baridi. Penye gesi nzito kidogo, joto hupotea haraka. Gesi hiyo ikipoa, ile ya moto ya pembeni huibana. Ikibanwa huzidi kupoa, na hapo wingu huzaliwa. Nilimweleza mama yote hayo huku nimefura, ili ajue ananikatizia nini.

"Sasa hiyo gesi ya kwanza nani kaisimamisha?" akauliza.

Jibu la swali hilo ndiyo sura ya tasnifu iliyokuwa imenishinda kuandika, nikazidi kukasirika.

Siku ya kutetea tasnifu, katika ukumbi mmoja ng'ambo ya Mnazi Mmoja, nilikuta watahini watatu na viti vitupu. Mkuu wao akatazama saa. Utetezi ni wa hadhara, akasema; bila wasikilizaji tutaahirisha mpaka mwakani.

Hapo nikasikia sauti ya mama mlangoni. "Jamani, humu kuna nini? Mbona mambo mazito hivi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akaingia, akakaa mbele kabisa. Wanafunzi wawili wakachungulia, wakakaa. Wakafuata wengine, hadi wa mwisho wakasimama ukutani.

Mtahini mmoja akaniuliza swali lilelile la mama. Nikajibu kwamba hata tofauti ndogo kabisa ya uzito wa gesi inatosha, mradi iwepo. Mama alitikisa kichwa polepole, kama anayekaribia kukubali bei.

Tulipotoka nimefaulu, nilimuuliza kamwacha nani dukani.

"Sijamwacha mtu, nimefunga," akasema. "Leo duka lilikuwa hapa."