Kupimwa Nikiwa Hai

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo, lakini siku ile kijijini Lurujo niliogopa. Tulikuwa tukipima watoto kwa ajili ya utafiti wa afya. Mtoto asiyefika miaka miwili hapimwi urefu akisimama. Analazwa chali juu ya ubao, mwenzangu anashika kichwa, mimi nanyoosha miguu. Tulikuwa tumepita nyumba nyingi bila maneno.

Katika nyumba moja tulimkuta bibi na mjukuu wake aliyefiwa na mama. Nilianza na utepe wa mkono, ule unaoonyesha utapiamlo kwa rangi. Ulisoma nyekundu, tena nyekundu isiyo na ubishi, na mtoto wa hivyo anatakiwa hospitali ya Koboko siku hiyohiyo. Nikamwambia mwenzangu tumalize upesi, tukamlaza ubaoni.

Bibi akamnyakua.

"Hapana! Hapa mutu ya kulala chini napimwa kama amekufa. Nyinyi iko pimia mtoto yangu kaburi?"

Alisema kweli. Mimi ni binti wa Kiislamu wa Arua, na kwetu pia maiti hupimwa kwa kijiti ndipo kaburi lichimbwe. Miezi yote ile nimebeba ubao kwapani, akili yangu yote kwenye sentimita, hilo halikunijia hata kidogo!

"Haboba," nikamsihi, kama tunavyowaita bibi zetu, "tuache kupima. Twende tu hospitali."

"Nyinyi nalaza yeye tayari. Kama hiyo kitu haina mubaya, lala wewe. Mimi napima."

Mwenzangu akacheka. Mimi nilimtazama mtoto. Alikuwa ameacha kulia, na ukimya huo ulinitisha kuliko makelele yote ya bibi. Nikalala kwenye mkeka, nikafunika miguu vizuri. Bibi akalaza bua la mtama ubavuni mwangu, akalikata pale visigino vilipokoma. Niliposikia kisu kikipita, nikatoa shahada kimoyomoyo.

"Sasa muko wawili," akasema. "Huyu akikufa, na wewe." Kisha akapanda gari letu na mtoto wake.

Wodini muuguzi alimnywesha maziwa kwa kikombe, tone kwa tone. Yakatoka. Akajaribu tena, yakatoka tena. Sikuweza kutazama, wala kuondoka sikuweza. Niliomba dua bila kujua naomba kwa ajili ya nani, maana wakati ule sikuona tofauti kati ya mtoto yule na mimi.

Muuguzi akamwinua kichwa kidogo, akatia tone jingine mdomoni. Koo likapanda, likashuka. Tukangoja. Hayakutoka.

Bibi hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi, akanishika mkono.

"Amemeza," akasema. "Haya binti, na wewe sasa pumua."