Mvuke wa Chupa ya Chai

Taya langu la kushoto halioti ndevu. Kinyozi wangu ameshazoea, ananinyoa upande mmoja, huu wa pili anaufuta tu kwa taulo. Mgeni akiniuliza hili kovu ni la panga au la pikipiki, namwambia ni kliniki ya meno. Anacheka, anadhani natania.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitasimulia kama ninavyosema sokoni. Wakati ule nilikuwa napakia kabichi Soni, kwenye malori yanayoshuka Mombo. Jino la nyuma likanishika mpaka nikawa nasikia mapigo ya moyo ndani ya sikio. Siku ya gulio nikapanda Lushoto, kwenye kliniki ya mtu binafsi.

Siku ya gulio ndiyo siku ya meno. Mtu wa Mlalo hashuki mjini kwa ajili ya jino peke yake. Anasubiri awe na viazi vya kuuza au nguo za harusi za kununua, ndipo na jino lipate nafasi. Basi siku hiyo benchi linajaa, na kila mmoja ana gari la kuwahi. Mle ndani palikuwa na mashine ya kuchemshia vifaa, imewekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya nyumbani. Kile kitambaa sikukiona kikitolewa. Daktari alipomaliza na mzee aliyenitangulia, alichukua koleo lile lile, akalifuta kwa pamba, akaishika chupa ya chai na kulimiminia maji ya moto juu ya beseni. Mvuke ukapanda. Mlango ulikuwa wazi, benchi zima tukaona.

"Hapo sawa," mama mmoja akasema. "Maji yamechemka hayo."

Sisi watu wa huku juu tunayaamini maji ya moto kuliko dawa. Mzazi anakandwa kwa maji ya moto. Mgeni aliyenyeshewa anapewa maji ya moto anawe miguu. Mtoto akikohoa, maji ya moto. Ni baridi yetu ndiyo iliyotufundisha, kwa hiyo ukituonyesha mvuke umetumaliza. Yule daktari hakuwa mtu wa huku, lakini hilo alilijua mapema. Mlango hakuuacha wazi kwa bahati mbaya.

Jino lilitoka vizuri, sikatai. Baada ya siku chache shavu likavimba, mdomo ukagoma kufunguka, mke wangu akawa ananinywesha uji kwa mrija. Nikarudi kwa daktari.

"Umekula muwa," akaniambia bila hata kuinuka. "Nyie watu mnakatazwa miwa, hamsikii."

Muwa! Mdomo haupitishi kijiko. Akanipa vidonge vya maumivu, nikaenda nikavila mpaka usaha ukajitafutia njia yake shavuni. Hospitali kubwa ya Tanga ndiko walikonikata na kuondoa kipande cha mfupa. Daktari wa kule aliniuliza hilo koleo lilisafishwa kwa kitu gani. Nikamweleza. Kalamu yake ikasimama.

"Chupa ya chai?"

"Ya chai."

Akaandika, akapiga mstari chini yake.

Walionifanyia hivi nawajua. Wa kwanza ni daktari, aliyehamia mkoa mwingine na sijui huko anamimina nini. Wa pili ni mwenye kliniki, aliyesema mashine inakula umeme. Wa tatu ni mkaguzi, aliyekuwa anapiga simu kabla ya kuja. Muuza mbolea wa jirani ndiye aliyenisimulia: mkaguzi akija, kitambaa kinatolewa, mashine inanguruma, na kwenye benchi hakuna mtu. Na wa nne ni muuguzi, maana ile chupa ni yeye aliyekuwa anaijaza kila asubuhi. Majina yao ninayo kinywani, hapa siyaweki. Nikikutana na muuguzi njiani tunasalimiana, habari za asubuhi, nzuri. Nimechoka. Hasira nayo inataka chakula na usingizi, siwezi kuilisha kila siku.

Mwaka huu jino likamshika binti yangu wa mwisho. Yuko sekondari, na mitihani ilikuwa wiki inayofuata. Hali, hasomi, anakaa na kanga amejifunga kichwani kama mtu aliyefiwa.

"Mpeleke pale," mke wangu akasema. "Kliniki imebadilika, baba. Wameweka vigae."

"Vigae having'oi jino."

"Basi mkae hapo wote wawili mtazamane mataya!"

Nikampeleka. Siku ya gulio, mvua, umeme hakuna. Daktari ni mpya, binti mdogo tu, ametoka chuo. "Shikamoo, baba," akaniamkia vizuri, nikaitikia. Nyuma yake nikamwona muuguzi yule yule, sasa anavaa miwani. Aliliangalia taya langu, kisha akaanza kupanga pamba ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Binti yangu akaketi kwenye kiti. Daktari alipofungua droo nikasema, "Naomba hiyo pakiti niione kabla haijafunguliwa." Kule Tanga walinifundisha: kifaa kinaingia kwenye mashine kikiwa ndani ya pakiti, na kwenye pakiti pana alama. Mashine ikifanya kazi yake mpaka mwisho, alama inageuka rangi.

"Huyu ameleta mgonjwa au amekuja kukagua?" muuguzi akasema kwa sauti ya kufika nje. Benchi likacheka.

"Mkaguzi wa leo hakupiga simu," nikamjibu.

"Baba, jamani," binti yangu akanivuta koti.

Daktari hakukasirika. Aliipeleka pakiti dirishani kwenye mwanga. Akachukua nyingine. Akaitoa droo nzima. Alama zote zilikuwa kama zilivyotoka kiwandani.

"Hizi ziliingia lini kwenye mashine?"

"Jana," muuguzi akasema. "Umeme ukakatika katikati. Lakini zilishapata moto, daktari. Mvuke ulipanda kabisa."

Nilipousikia huo mvuke, nikashika ukuta. Vigae ni baridi.

Daktari alitoka mlangoni akawaambia watu kwamba hang'oi mtu leo, umeme ukirudi atavirudisha vifaa vyote kwenye mashine, waje kesho. Mimi nilidhani watamshukuru. Benchi likainuka.

"Mimi nimetoka Mlalo na giza!" mama mmoja akapiga kelele, shavu limemjaa. Akanigeukia. "Wewe mwenye taya, umefaidi nini sasa? Si ungenyamaza tu?"

"Maji ya moto si yapo?" mzee mmoja akauliza. "Washeni jiko, mchemshe, tuendelee."

Hakuna aliyemuuliza muuguzi kitu. Tukapita katikati yao, mimi na binti yangu, wakitusindikiza kwa misonyo.

Njiani matope yalikuwa mengi. Binti alitembea mbele yangu, mkono shavuni.

"Ungenyamaza, sasa hivi lingekuwa limeshatoka," akasema.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, lakini taya lenyewe ameishi nalo tangu azaliwe na halijamwambia kitu.

Siku iliyofuata umeme ulikuwepo. Tulipoingia mashine ilikuwa inanguruma, na benchini walikuwa wale wale wa jana. Muuguzi alinisogezea pakiti mpaka karibu na pua. "Haya, angalia." Nikaangalia. Alama ilikuwa imegeuka, nyeusi. Binti yangu akapigwa sindano ya ganzi, na muda si mrefu jino likalia kwenye kisahani cha chuma. Alitoka akiwa ameuma pamba, machozi yanamtoka, hanitazami.

Aliyefuata alikuwa yule mama wa Mlalo. Alipanda kwenye kiti, akaiweka kanga yake sawa magotini, akaufunga mdomo.

"Panua, mama," muuguzi akamwambia.

"Na mimi nionyesheni kwanza," mama akasema.

Muuguzi akageuka akanitazama pale mlangoni, kama mtu niliyemletea ugonjwa.