Mama alikataa neno moja kwenye ushahidi wake, na mimi nilitaka alikubali

Wakuu, salamu kwenu popote mnaposomea. Mimi humu huwa napita kimya kimya, ila hili limenikaa kifuani. Siongezi chumvi, na pale nilipokosea nitasema.

Naishi Goma, mtaa wa Mapendo, na mama yangu. Kwetu ni Kiwanja, ule mji wa soko karibu na Rutshuru. Vita ilipofika kule, baba alikuwa akiuza maharage kwa jumla. Alitupandisha pikipiki, mama na mimi, akasema tutangulie, yeye afunge depo kisha atufuate.

Hatujamwona tena.

Hatukuletewa habari ya kifo, hatukuonyeshwa kaburi. Mimi sasa nina watoto wangu, na mama bado anapika sombe (kisamvu) bila pilipili kwa sababu baba hali pilipili. (Sisi wote tunaipenda. Tunavumilia.)

Sasa nyumba hii ya Mapendo baba aliinunua kabla ya vita, na iko kwa jina lake. Jirani akadai kipande cha uwanja ni chake, akapeleka malalamiko kwenye ofisi ya serikali. Tukaletewa convocation mbili, yangu na ya mama, za kutuita tukatoe ushahidi.

Hapa kwetu ukiletewa karatasi hiyo, majirani wanakuaga kama unakwenda kufungwa. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka, akaniambia nibebe mkate, huwezi kujua.

Karani alikuwa mtu mzima, mstaarabu. Alituuliza kwa Kiswahili, huku akiandika Kifaransa. Hapo ndipo penye mtego, wakuu: unasema kwa lugha moja, unatia sahihi kwa nyingine.

"Mama, bwana yako iko wapi?"

"Alibakiaka Kiwanja. Alisemaka atatufuata."

"Tangu vita?"

"Tangu vita."

Karani akainama akaandika. Alipomaliza akanipa karatasi nimsomee mama kabla hajatia kidole cha wino. Nikafika kwenye jina la baba. Mbele yake kulikuwa na neno "feu". Nikalisoma kama lilivyo.

Mama akanishika mkono. "Fe? Fe si moto? Nani alibaambia Papa Masika aliunguaka?"

(Masika ndiye mimi, na Papa Masika ndiye baba.)

Ikabidi nimweleze kwamba kwa Kifaransa cha ofisini, neno hilo likikaa mbele ya jina la mtu, maana yake ni marehemu. Mama hakulia. Alifunika kile kidau cha wino taratibu, akakisukuma upande wa karani.

"Ondosha hiyo neno."

"Mama, niko nakusaidia," karani akasema. "Kama muzee alikufa, weye na mutoto munasimama pa nafasi yake, tunamaliza leo. Kama iko muzima, hii parcelle ya nyumba ni yake, yeye tu ndiye anaweza kujibu. Itabidi tumuite."

Nakiri, nilikuwa upande wa karani. Nilishachoka na maneno ya jirani kila asubuhi. Nikamnong'oneza mama atie kidole, ni neno tu.

Akaniangalia. "Ni neno tu? Basi anza weye."

Karatasi yangu ilikuwa pale mezani, nayo ina neno lilelile. Nikashika kalamu. Wakuu, mkono ulikataa. Nilikaa na ile kalamu mpaka karani mwenyewe akaichukua, akalikata neno kwenye karatasi zote mbili na kutia sahihi pembeni.

Kisha akaandika convocation ya tatu, ya baba.

Mama aliomba kazi ya kuifikisha iwe yake. Nakala alimpa dereva wa pikipiki wa Kiwanja ikasomwe sokoni. Ya kwake akaiweka ndani ya kitabu cha misa. Hajui kusoma, lakini jina la baba analijua kwa umbo lake, na mara nyingi nilimkuta ameifungua akiligusa. Tangu tukimbie, hakuna karatasi nyingine iliyomwita baba aje. Zile wiki nilimtamani baba mpaka nikawa nageuka kila nikisikia pikipiki inasimama.

Siku iliyoandikwa ikafika, tukarudi ofisini. Utaratibu wao ni kuita jina mara tatu mlangoni. Sikuwa nimesikia jina lile likiitwa kwa sauti tangu Kiwanja. Niligeuka kutazama mlango. Mama aligeuka. Hata jirani aligeuka.

Karani akaandika "absent".

Basi shauri limesimama. Jirani haruhusiwi kujenga, sisi haturuhusiwi kuuza, mpaka mwenye nyumba afike au aitwe tena. Kwa hesabu za dunia tumepoteza.

Njiani mama aliniuliza "absent" ni nini. Nikamwambia ni kama shuleni, mwalimu akiita jina na mwanafunzi hajafika.

"Kumbe jina yake ingali kwa liste."

"Ndiyo, mama."

"Basi batamuita tena." Akaanza kutembea haraka, ana sombe ya kutwanga.

Somo langu: usitie sahihi ushahidi wako kabla ya kusomewa neno kwa neno kwa lugha yako. Likiwepo usilosema, dai likatwe, hata kama linakufaa.

Mliopitia ofisi kama hizi, tupeni uzoefu wenu. Na kama kuna mtu wa njia ya Kiwanja humu, aliyewahi kukaa meza moja na mzee muuza maharage asiyekula pilipili, tafadhali andika hapa chini. Nitamsomea mama.