Boila ya Kuni ya Queensburgh

Leo nimewaonyesha wageni maji ya moto, kumbe nilikuwa najifukuza mwenyewe.

Nyumba tunayopanga hapa Queensburgh ni ya zamani. Tulipoingia, boila ya kuni, tangi la kuchemshia maji nyuma ya jikoni, ilikuwa imeliwa na kutu. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Aliitengeneza Jumapili tatu mfululizo, mikono ikajaa malengelenge.

Asubuhi mwenye nyumba akaja na mtu na mkewe.

"Mama Grâce, wafungulie bomba waone."

Eish, nilivyofungua kwa maringo! Mvuke ukapanda, yule mama akacheka kwa furaha.

Nikasema, "Ni mume wangu alitengeneza."

Mwenye nyumba akanigeukia, sauti ya upole kabisa: "Hawa wataingia mwisho wa mwezi. Nyinyi mtafute kwingine. Sasa nyumba iko na maji ya moto, wengi wanaitaka."

Nikabaki nimeshika bomba, maji yanamwagika.

Halafu yule mama akaniuliza, bila aibu, kuni tunanunua wapi.

Nikamwelekeza. Mpaka kona ya kukata nikamtajia.

Mume wangu bado yuko kazini, hajui kitu. Jamani, nyinyi mngemwambiaje?